Omena ya Karani

Mtu akifiwa na paka katika mji huu wa Isiolo, afadhali afiche. Nasema hivyo kwa hasira, kwa sababu nimeona walivyomcheka Kagure, muuza nafaka ambaye duka lake limetenganishwa na langu kwa ukuta wa mabati tu. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani ikinyamaza, namsikia hata akihema.

Wote tunamwita Mama Sheila. Alikuja huku kutoka Karatina na mumewe, wakauza mahindi na ndengu pamoja hadi mzee alipofariki. Sheila naye akahamia Nairobi. Aliyebaki ni paka wa kijivu aliyeitwa Karani, kwa kuwa alishinda mezani kando ya mizani kana kwamba ameajiriwa. Miaka tisa. Mteja akimsukuma, aliyeambiwa asogee ni mteja. Ng'ambo ya njia yuko Saadia, muuza maziwa ya ngamia, na kila asubuhi alimmiminia Karani kidogo kwenye kifuniko cha mtungi.

Karani alizeeka, panya wakazidi. Walitoboa magunia sita kwa wiki moja. Mwezi wa Juni Mama Sheila alinunua sumu kwa mchuuzi, akaichanganya na omena, wale dagaa wadogo, akaitega nyuma ya magunia. Hakuwa mjinga. Alimfungia Karani chumba cha nyuma siku tatu, akamlisha huko kwa mkono wake. Siku ya nne, Ijumaa, aliokota mabaki, akafagia, akapiga deki, ndipo akamfungulia. Hakujua kwamba panya walikuwa wameburuta vipande viwili hadi chini ya mbao za kupangia magunia. Na katika vyakula vyote vya dunia hii, Karani alipenda omena zaidi.

Saa saba mchana alianza kutetemeka na kutoka povu. Mama Sheila alimtia ndani ya kiondo, akakimbia hadi duka la dawa za mifugo. Lilikuwa limefungwa. Ahmednasir, mwenye duka, alikuwa ameenda swala ya Ijumaa, kama nusu ya mji. Mama Sheila alisimama pale juani akigonga mlango huku kufuli akiiona. Ahmednasir aliporudi alifunua kiondo, akatazama, akakifunika polepole.

Saadia alikutana naye akirudi. "Mama Sheila, nani amemfanyia hivi?"

"Gari," akasema. Neno lilimtoka kabla hajafikiri.

Wawili hao walimzika Karani nyuma ya vibanda, Saadia akilia kwa sauti. Sheila alipiga simu: "Mum, si ni paka tu? Nitakutafutia mwingine." Wachuuzi waliuliza kama kamati ya mazishi imeshakutana. Mama Sheila alicheka nao, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka kesho yake.

Ukweli niliujua kwa bahati mbaya. Panya walipohamia kwangu, nilimuuliza kama ile dawa yake ya panya ilibaki. Aliketi chini sakafuni akalia mpaka ikabidi nifunge mlango wa duka lake, wateja wasimwone.

"Fundi, amekula mkononi mwangu siku tatu," alisema. "Alipoona ile omena, alijua ni mimi nimemwekea."

Nilimwambia aende kwa Saadia aseme ukweli.

"Nitaanzia wapi? Huyo ndiye mtu peke yake amelia na mimi."

Mpaka leo hajaenda. Amekonda, gauni nililomshonea Krismasi linamning'inia. Kuna mtu alimletea kitoto cha paka ndani ya katoni, akakirudisha bila kukigusa. Meza ameifuta hadi rangi imetoka. Siku hizi anapima ndengu, na mteja akimwambia amezidisha, anamwambia beba tu.

Saadia hajasahau pia. Kila asubuhi akishapanga mitungi yake, huvuka njia, humshika rafiki yake bega na kumwombea yule dereva mabaya. Asipate usingizi. Asionje raha ya nyumba yake. Mkono uliomuua Karani ukauke, kila mtu auone.

Mama Sheila, ambaye hakosi kanisani Jumapili, hujitazama mikono, kisha huitikia amina kwa moyo wake wote.