Mahubiri Kwenye Simu, Macho ya Mama

Nilianza kujifunza Kiingereza kwa hasira. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshafungika, la kulia limeanza kuingia ukungu, na tulikuwa tumesafiri kutoka Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mpaka hospitali moja ya macho mjini Mbarara. Daktari hakujua Kiswahili, sisi hatukujua Kiingereza, kwa hiyo aliitwa mtu wa kutukalimania. Mama akaeleza kama watu wa milima yetu ya Kivu ya Kusini wanavyoeleza, yaani tangu mwanzo: maharagwe aliyokuwa akiyapura, ganda lililoruka likamwingia jichoni, majani aliyokamuliwa jichoni na jirani, mpaka safari ya kuja Nakivale. Mkalimani akamgeukia daktari akasema maneno yasiyojaza kiganja. Daktari akazungumza kwa muda mrefu, uso mzito. Mkalimani akamgeukia mama: "Anasema utumie dawa, utapona pole pole."

Niliwaka. Yale mengine yote yamekwenda wapi? Tulipopita mji wa Kabingo tukirudi kambini nilikuwa bado nawaka, nikamwambia mama kwamba safari ijayo nitasema mimi, na hakuna neno lake hata moja litakaloanguka chini. Mama akacheka. Kwetu mzazi humwita binti yake mama, naye akanijibu, "Utasema na luga gani, mama? Na Kifaransa yako ya masomo?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Shule yangu yote niliisomea Kifaransa, na saa ya darasa la watu wazima pale kambini ndiyo ilikuwa saa ya shamba. Nilichokuwa nacho ni jembe, na simu ya Kichina, zile za laini mbili na spika ya kuamsha kijiji kizima.

Simu ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nimempa mwenye duka la kuchaji simu kadi yangu anijazie nyimbo za kwaya, naye akatupia humo na mahubiri ambayo sikuyaomba. Asubuhi yake shambani yakaanza kulia, nikaachia jembe. Mhubiri mgeni alisema sentensi moja kwa Kiingereza, mkalimani wa kanisa akaitoa kwa Kiswahili, kwa sauti ileile na makeke yaleyale. Sentensi, halafu maana yake. Sentensi, halafu maana yake. Miaka yote nimekaa kwenye benchi kanisani nikisikiliza wageni wakitafsiriwa hivyo, na sikuwahi kugundua kwamba ile ni shule! Nilicheka peke yangu katikati ya mahindi mpaka mbavu zikauma.

Basi nikaanza. Nilikuwa nabonyeza simu isimame kabla mkalimani hajafungua mdomo, natafsiri mimi kwanza, kisha namwachia aniumbue. Nikimpata, napiga vigelegele. Nikimkosa, namgombeza kama shemeji. Baadaye nikageuza zamu: nasikiliza Kiswahili chake, natoa Kiingereza, najirekodi, halafu nalinganisha sauti yangu na ya mhubiri. Mwanzoni nilijichukia kujisikia, lakini kila juma sauti ile ya kwenye simu ilizidi kufanana na ya mtu anayejua anachosema, na mimi nilizidi kuamka mapema. Nilipenda! Jirani akamfuata mama kwa siri: "Mutoto yako alipata mwito. Anahubiria maharagwe."

Shida ni kwamba nilijua kusema "tubuni" na "Farao" na "jangwa", lakini sikujua "dawa ya matone". Nikamwomba muuguzi wa zahanati yetu aniwekee sauti yake kwenye simu: neno la Kiingereza, kisha maana yake kwa Kiswahili chake cha Kiganda. Mboni, usaha, kuwasha, upasuaji. Nilipalilia nayo msimu mzima.

Tuliporudi Mbarara daktari alikuwa yuleyule. Alipouliza jicho lilianzaje, mama akaanza tangu mwanzo, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi, kwa namna pekee niliyoijua: mkono juu, sauti ya mkutano wa injili. Ganda la maharagwe nilililipua kama kuta za Yeriko. Muuguzi mmoja akachungulia kutoka ukumbini, akaniita bibi kwa lugha ya huko. "Nyabo, hapa hapana kanisa! Sema pole pole!" Sikujali. Daktari alikuwa ameacha kuandika, ananitazama. Akasema habari ya ganda na ya yale majani hakuwahi kuisikia. Akamwinamia mama, akammulika macho yote mawili upya.

Halafu akakaa na kuanza kusema, akitua kila baada ya sentensi kunipa nafasi, kumbe anajua adabu. Alisema jicho la kushoto limekufa. Alisema hakuna dawa wala kisu kitakacholirudisha, na kwamba mara ile ya kwanza pia alitueleza hivyo.

Nilielewa kila neno, na kwa mara ya kwanza nilitamani nisingelielewa. Mama alikuwa amenigeuzia uso, anangoja. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema utapona pole pole, tena kwa moyo mweupe kabisa. Mkono wangu ulikuwa bado juu. Niliushusha nikashika wa kwake, nikamwambia yote, pamoja na dawa, pamoja na kisu.

Mama hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo wake mwenyewe.

"Ile nilishaka kujua, mama," akasema. "Tangu siku ile, na sauti ya huyu munganga. Nilikuwa nangojea tu mutu aniambie." Akakifinya kiganja changu. "Sasa umuulize hii jicho ingine."

Nikauliza. Kabla daktari hajafika mwisho wa jibu lake nilikuwa nimeshalidaka, nimeinuka kitini bila kujua: ukungu wa jicho la kulia unatolewa, juma lijalo, hapahapa, na litaona. Sentensi hiyo nilimpa mama nzima, halafu nikairudia, kwa sababu ilikuwa tamu na kwa sababu alikuwa ameniomba.