Leo Tumembatiza Mwalimu wa Usalama

Jameni, leo kazini tumebatiza mtu mzima, na pasta hakuwepo!

Mwalimu wa usalama alikuja hapa kiwanda chetu cha chai, Manyatta, kutufunza juu ya dawa mpya ya boila, ule mtambo wa kuchemsha maji. Inanuka kama samaki aliyeoza na inachoma ngozi.

Akaanza: "Hii dawa inaitwa amini."
Sisi wote: "AMINA!"

Akakunja uso. "Amini haishikwi bila glavu."
"Amina!"
"Amini ikikumwagikia, jioshe na maji dakika kumi na tano."
"Amina!"
Mama Wanja wa jikoni alikuwa amefunga macho kabisa.

Sasa mtungi wa hiyo dawa ukakataa kufunguka. Mwalimu akavua glavu (yeye mwenyewe!) ndio ashike kifuniko vizuri. Dawa ikamrukia mkononi.

"Amini! Amini!"
Mnajua tulijibu nini.

Ni Mama Wanja pekee aliyemkokota hadi kwa bomba, akashikilia ule mkono chini ya maji huku akitazama saa.
Dakika ya tano jamaa analia, "Mama, imetosha, niachilie!"

"Tulia, mwanangu. Ulisema kumi na tano, na mimi niliamini."