Neno la Siri Lilikuwa Makayabu

Kuna swali lililoninyima usingizi usiku mzima, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto: je, mtu akimwaibisha mwenzake mbele ya watu wote, hawezi kwenda kumwomba msamaha jikoni, polepole, yakaisha? Niliona inatosha. Halafu nikaona haitoshi. Halafu nikajiambia kwamba labda watu wameshasahau (hawakuwa wamesahau), na kwamba nikinyamaza wiki moja zaidi mambo yatajipanga yenyewe. Mimi ndivyo nilivyo: nikipewa glasi ya maji naanza kuwaza imetoka bomba gani. Ila siku ile iliyozaa swali hili, siku moja tu ambayo kuwaza kungenisaidia, sikuwaza hata kidogo.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta Lubumbashi na kurudi kwetu Likasi katika ile miaka ambayo diploma ilikuwa kitu cha kuweka kwenye fremu ukutani. Kampuni ya migodi haikuchukua mtu, na wale iliokuwa nao iliwalipa mwezi huu pesa, mwezi ujao unga, mwezi unaofuata maneno. Basi nilishinda kwa rafiki yangu Kabwe, fundi wa redio karibu na soko, nikitoa maoni. Nilikuwa na maoni juu ya kila habari ya teknolojia niliyoipata katika majarida ya Kifaransa yasiyo na jalada, yale wanayofungia karanga, ingawa kusema kweli kompyuta yenyewe nilikuwa nimeizungumzia mara nyingi kuliko nilivyoigusa (chuoni tulipanga foleni, na zamu yako ikifika umeme unaondoka).

"Ingénieur," Kabwe aliniuliza kila asubuhi, pua yake ndani ya redio ya mtu, "leo dunia inasema nini?"

Nikamweleza siku moja kwamba ule mfumo wa zamani wa kompyuta, wa skrini nyeusi na maandishi meupe, umekufa; kwamba Ulaya sasa wote wamehamia mfumo wa madirisha, unasogeza kipanya tu, na kwamba anayebaki na wa zamani atavamiwa na virusi atalia.

"Umekufa?" akasema Kabwe. "Basi kilio iko wapi, twende tukakule?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nayaamini maneno yangu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo.

Maneno hayo yakafika kwa Prefe, yaani mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Shituru. Shule ilikuwa imerithi kompyuta na mashine ya kuchapa kutoka kwa mzungu mmoja aliyeondoka haraka baada ya ule uporaji wa wanajeshi, na Prefe akanipa kazi ya kuvitunza. Mshahara ulikuwa unga na kuitwa Ingénieur mbele ya wanafunzi. Aliyekuwa anaandika hasa ni Ngalula, msichana wa rika langu, anayepiga vitufe kwa vidole vyote bila kuviangalia. Familia yake ilikuwa ya asili ya Kasai. Miaka michache kabla, majirani zetu wengi wa Kasai walikuwa wamefukuzwa, wakalala kwenye gare na masufuria yao wakingoja treni, na mama yake Ngalula ni mmoja wa wachache waliokataa kuondoka, kwa sababu mume wake alikuwa amezikwa hapa. Walibaki, lakini waliishi kama watu wanaotembea juu ya sakafu mbichi. Hayo niliyajua vizuri. Nayasema sasa ili usifikiri sikujua.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ikakaribia. Serikali haikuwa inalipa walimu, wazazi ndio waliokuwa wanalipa, na mzazi anayelipa anataka kuona. Kila mwaka kulikuwa na kelele kwamba maswali yameuzwa. Nikapata nafasi yangu. Nikamwambia Prefe kwamba kompyuta isiyo na usalama ni bure, kwamba maswali yafungwe kwa neno la siri, na kwamba karatasi za walimu zilizoandikwa kwa mkono zichomwe moto. (Zikachomwa moto! Nilisimamia mwenyewe, nikageuza majivu kwa kijiti.) Neno tulilijua watu wawili tu, mimi na Ngalula. Mimi nilitaka neno refu lenye tarakimu katikati, yeye, ambaye kwa heshima aliniita Yaya, yaani kaka, akasema:

"Yaya, tuweke neno yenye hatuwezi kusahau. Makayabu."

Makayabu ni yule samaki wa chumvi tuliyekuwa tunamla siku za neema. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Sasa sikia uamuzi wangu mdogo. Jumamosi, binamu yangu alirudi kutoka Kitwe, Zambia, na disketi nyingi ndani ya kopo la maziwa ya unga: ule mfumo mpya, wa madirisha, umenakiliwa sijui na nani. Jumatatu asubuhi kamati ya wazazi ilikuwa inakuja kushuhudia maswali yakifunguliwa na kuchapwa. Nikawaza: waone madirisha. Waone kipanya. Waone kwamba miaka yangu ya Lubumbashi haikuwa bure.

"Tungojee kwanza mitihani ipite," Ngalula akasema.

"Usalama haungoji," nikamjibu, na hata leo sijui nilimaanisha nini.

Nikabadilisha mfumo. Uliniuliza maswali mengi kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma makopo, nikajibu yote ndiyo. Mchana wote uliobaki nilicheza na kipanya, nikifungua dirisha na kulifunga, nikibadilisha rangi. Sikuandika hata neno moja. Likumbuke hilo.

Jumatatu ofisi ya Prefe ilijaa. Kamati nzima, walimu, na dirishani wanafunzi wamebandikana. Kabwe naye alikuwepo, maana ana binti pale. Skrini ilipowaka na picha yake ya rangi watu wakasema "Eeeh!", na nakiri ile "eeeh" ilinipendeza kuliko chakula. Nikafungua ile programu ya kuandikia, nikachagua maswali, ikaniuliza neno la siri. Nikaandika makayabu. Unajua neno la siri halionekani. Zinatokea nyota tu. Nyota zikatokea, zote nane, halafu kompyuta ikasema neno si sahihi.

Nikarudia. Si sahihi. Nikarudia polepole, kitufe kimoja kimoja, kama mtoto. Si sahihi. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

"Shida iko nini?" akauliza mwenyekiti wa kamati, ambaye wote tulimwita Papa Président, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani.

Hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halina gharama. Lakini nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi na mama, na watu walikuwa wamesema eeeh. Nikasema:

"Kuna mtu amebadilisha neno la siri."

"Nani na nani banajua ile neno?"

"Ni mimi," nikasema, "na Ngalula."

Sikumshtaki, nilijiambia baadaye, nilijibu swali tu. Ngalula alikuwa amesimama karibu na kabati. Akaniangalia.

"Minye? Minye nilibadirisha nini? Yaya, sema vizuri."

Prefe akamwambia ajaribu yeye. Akakaa, vidole vyake vikapita juu ya vitufe kama kawaida yake, haraka, bila kutazama. Nyota nane. Si sahihi.

"Anajifanya!" mama mmoja akasema nyuma. "Mudogo yake si anasoma hapa hapa?"

"Banauzisha mitihani kwa bantu babo."

"Njo vile beko, ba Kasai. Tulisema baende bote, bamoja bakabakia."

Prefe alipiga meza watu wanyamaze. Mimi nilikuwa na mdomo, na ulimi ndani yake, nao ulikaa kimya. Halafu umeme ukakatika, mtaa mzima (baadaye tulisikia kwamba waya wa shaba wa kwenye nguzo ulikuwa umeibwa), na skrini ikafa na madirisha yake yote. Ngalula akachukua mkoba wake, akaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza, akatoka katikati ya watu ambao hawakumpisha vizuri. Mdogo wake alimfuata, na wenzake wakimwimbia njiani, "Mwizi ya mitihani, mwizi ya mitihani."

Umeme ulikosekana siku kadhaa. Walimu wakaandika maswali mapya kwa mkono, wakinilaani mimi na kumlaani yeye. Uliporudi, Prefe akaniita.

"Kamati banataka barua ya kumufukuza Ngalula. Hakuna mwingine wa kuandika. Andika weye."

Nikakaa. Barua za Prefe huanza kwa Kifaransa, kwa hiyo nikaandika neno la kwanza, Mademoiselle, na nikainua macho. Kwenye skrini kulikuwa na:

:qde;oiselle

Nikafuta. Nikaandika tena. Ikaja vile vile, nukta mbili mahali pa M, q mahali pa a. Kibodi yetu ilikuwa ya Kifaransa, na mfumo wa zamani ulijua hivyo. Huu mpya, katika yale maswali niliyojibu ndiyo, ulikuwa umeniuliza kama kibodi ni ya Kimarekani. Wamarekani wanaweka herufi zao mahali pengine. Nikaandika makayabu mahali wazi, pasipo nyota, nikaona nilichokuwa naiandikia kompyuta siku ile mbele ya kamati nzima:

;qkqyqbu

Hakuna aliyebadilisha neno. Niliyebadilisha ni mimi, na nilibadilisha kibodi nzima.

Nikamweleza Prefe. Akavua miwani, akaifuta.

"Maswali mapya iko tayari," akasema. "Barua sitatia sahihi. Atarudi kazini kimya kimya. Lakini kusema mbele ya bantu, hapana. Unajua vile batacheka? Batasema shule iko na Ingénieur hajui A iko wapi."

Nikaona ana hekima sana (mtu mwoga huona hekima popote penye maficho). Jioni nikaenda kwa kina Ngalula, nikapitia nyuma, jikoni. Mama yake alikuwa anafunga masufuria ndani ya kitambaa, kubwa chini, dogo juu. Hakuinua kichwa. Nikamweleza Ngalula yote, kibodi, Kiingereza, nyota, nikamwambia nisamehe, kesho urudi kazini, hakuna atakayeuliza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Ulinisema mbele ya bantu," akasema. "Leo unaniombea musamaha mu jiko?"

"Ngalula, mimi..."

"Mudogo wangu hatoke tena hata kwenda kuteka mayi. Mama anafunga vitu, anasema afazali gare kuliko kuitwa mwizi. Wee uko na haya ya kuchekwa. Bon. Rudia kwenu."

Mama yake ndiye aliyeongeza, macho yake kwenye fundo: "Mutoto, baba ya Ngalula alifanya kazi hapa mpaka alikufa, hakuitwa mwizi hata siku moja. Toka ku mulango, unaziba mwanga."

Huo ndio usiku ule. Nililala chali nikijibu swali na kujipinga mwenyewe. Kukicha nilikuwa nimechoka kuwaza, na nadhani uchovu huo ndio ulionisaidia. Nilipita kwao nikagonga mlango, wa mbele safari hii, nikasema kupitia mbao: "Naenda kusema. Ukitaka kusikia, kuja." Sikungoja jibu, nikashika njia ya shule.

Ilikuwa siku ya mtihani wa kwanza, ua umejaa wanafunzi na wazazi waliokuja kuhakikisha maswali hayauzwi mara ya pili. Sikumwomba Prefe ruhusa. Nikachukua chuma, nikagonga kile kipande cha reli kinachotumika kama kengele, watu wakanyamaza wakidhani mtihani unaanza, nami nikapanda juu ya benchi.

Nikasema neno halikubadilishwa. Nikasema nilileta mfumo mpya ili mnisifu, nikajibu ndiyo kwa maswali nisiyoyaelewa, kibodi ikageuka, na kwa sababu sikutaka kusema sijui nilimtaja mtu. Nikasema maswali hayakuuzwa. Nikataja neno lenyewe, maana haikuwa siri tena: makayabu.

Sikumaliza vizuri. Kicheko kilianza kwa wanafunzi, kikapanda kwa wazazi, Papa Président mwenyewe akishika tumbo, na Kabwe, rafiki yangu, akapaza sauti: "Ingénieur wa makayabu!" Ndilo jina langu mjini mpaka leo, hata wachuuzi wa samaki wananiita hivyo. Tangu siku ile kompyuta ikinikatalia, kabla sijamtaja binadamu yeyote, naandika kwanza a na m mahali ninapoweza kuziona. Na neno sijui nalisema mapema, hata pale ninapojua kidogo.

Nikawa nashuka kwenye benchi, watu bado wanacheka, ndipo nikamwona Ngalula getini, amemshika mdogo wake mkono. Yeye hakuwa anacheka. Alingoja kelele zipungue.

"Rudia," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikapanda tena juu ya benchi, nikarudia.