Nilitania Kwamba Mdogo Wangu Nimemtoa Ndagu

Jamani, nianze na lile la aibu kabisa, maana nikichelewa nitalizungusha mpaka lionekane zuri. Nilisimama kwenye kibanda changu cha supu, wateja wamejaa, nikasema kwa mdomo wangu huu kwamba mdogo wangu wa chuo kikuu nimemtoa ndagu. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chapati. Na mimi nikacheka.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya turubai, anamenya viazi.

Kwa ambao hamjafika huku kwetu machimboni Geita, ndagu ni ile imani kwamba mganga anakupa mali ukikubali kumtoa ndugu yako. Akili zake zinapotea, wewe unatajirika. Mtu akipata hela ghafla na kwao kuna anayeumwa akili, basi, watu wameshahukumu.

Mimi shule niliachia kidato cha pili. Hesabu zilinifukuza, mimba ikanisindikiza getini. Nikabaki na mdomo. Wachimbaji wakitoka kwenye karasha kusaga mawe yao wanapita vibanda vyenye minofu mikubwa kuliko yangu, wanakuja kwangu kucheka. Kwa hiyo Sayi (hilo si jina lake) alipoingia chuo kikuu, wa kwanza ukoo mzima, nilitamba jamani! Mtu akiomba nyongeza ya mchuzi namwambia, "Subiri msomi wangu aje likizo, akufanyie utafiti kama unastahili."

Mwaka wa pili akarudi katikati ya masomo. Kakonda, macho yameingia ndani. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Baadaye sana ndo akasema.

"Dada, silali. Nikikaa darasani mwalimu anaongea mimi naona kama niko chini ya maji. Nilienda hospitali, daktari kasema ni sonona."

"Sonona ndo nini?"

"Ugonjwa wa akili, dada. Ila unatibika. Kanipa dawa, kasema nipumzike halafu nitarudi. Wenzangu bwenini walivyoona vidonge wakaanza kuniita chizi. Usimwambie mtu."

"We! Sasa mimi nimwambie nani?"

Nimwambie nani! Mimi ambaye wali wangu ukiungua tu, mpaka Runzewe wanajua!

Lakini kweli sikusema. Kila siku wateja, ambao huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, walikuwa wananiuliza, "Mayu, msomi wako mbona anamenya viazi? Kafeli?" Nawajibu yuko likizo. Likizo gani haiishi? Kusema "mdogo wangu anaumwa" niliona aibu. Aibu kweli! Angekuwa na malaria ningetangaza, na limao ningeomba.

Basi siku hiyo duara moja la jirani, yaani shimo la wachimbaji, likatema dhahabu. Wachimbaji wakashuka kwangu na njaa yao, watu wanakula wamesimama. Kijana mmoja mpenda maneno akapaza sauti:

"Mayu, biashara imechanganya! Na dogo naye siku hizi haongei na mtu. Umefanya mambo nini?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema anaumwa, anatumia dawa, atapona. Lakini hili likateleza kama limepakwa mafuta:

"Kwani mlidhani supu ya utumbo ndo inajaza watu hivi? Nimemtoa huyo! Nilimpelekea mganga ndugu aliyeishia darasa la saba, akamkataa, akasema anataka mwenye digrii!"

Kibanda kikalipuka. Nyuma ya turubai kisu kikaacha kumenya. Nilisikia. Nikaendelea kugawa supu.

Jioni tunaosha masufuria akaniuliza, sauti ndogo, "Dada, kwani kweli umenitoa?"

Hapo ndo nilitakiwa niweke sufuria chini nimshike mkono. Jamani, nilikuwa na nafasi! Mimi nikamjibu, "Ndiyo, na umeniangusha. Mpaka leo sijapata hata bajaji!"

Akatabasamu kidogo, kama mtu anavyomtabasamia mkubwa wake kwa heshima. Akaendelea kusugua.

Asubuhi hayupo. Dawa zake zote kaziacha juu ya pipa la maji.

Simu haipatikani. Nilifunga kibanda, nikazunguka kwenye maduara, karashani, stendi. Wale wale waliocheka nawauliza mmemuona, wananiangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja akaniambia kabisa, "Sasa mayu, si ulisema mwenyewe?" Mama yetu akapiga simu kutoka Ushetu kunisalimia tu. Nikamwambia Sayi kalala.

Nikampata Nkome, mwaloni kule ziwani wanakoshusha samaki. Mama mmoja mwanika dagaa alimuona anatembea ovyo pale ufukweni, akamkalisha, akamnywesha uji, akamuuliza kwao, akanipigia simu. Nilipofika nilimrukia huku nalia. Yeye hakulia. Akasema, "Dada, kama nimeshatolewa, dawa za nini?"

Nilikosa utani. Mara ya kwanza maishani.

Nilimrudisha hospitali. Daktari akanieleza kwamba ule ugonjwa muda wote ulikuwa unamwambia Sayi hana thamani, yeye anajitahidi kuukatalia. Halafu dada yake wa damu akaja kuutolea ushahidi mbele za watu.

Sasa hivi anaendelea vizuri, yuko kwa mama kule Ushetu, anameza dawa zake, anasema chuo atarudi. Nilimuomba msamaha jikoni kwa mama, akasema yameisha. Lakini nikienda kuwasalimia, chakula nikipika mimi hali. "Nimeshiba, dada." Nikitoka nje namkuta na mkate wa dukani. Mimi, ninayelisha machimbo mazima!

Nawaomba, nyie mlioko vyuoni, mwenzako akimeza vidonge usimpe jina. Muulize kama amekula. Na nyie mlioko nyumbani, mtoto akirudi anaumwa akili, semeni anaumwa. Semeni hivyo hivyo! Msifiche kwa uongo, na msifiche kwa kichekesho kama mimi. Kichekesho kinafika mbali kuliko bodaboda.

Kabla sijatuma haya nilimsomea rafiki yangu Mama Hadija, anauza maandazi kibanda cha pili. Nilidhani atanihurumia. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta unga mikononi.

"Umeandika vizuri, mwenzangu. Ila utani uliutoa pale kibandani, mbele ya watu wanaokujua. Msamaha umeuombea jikoni, na kwenye maandishi haya umeficha jina lako. Kesho supu ikiiva, usigawe bakuli hata moja mpaka uwaambie wateja ukweli."