Uso Uliokisiwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke mapema. Mimi si mtu wa kukataa simu. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo, na kitu kinachosaidia nakiona. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota jino, alipomaliza kidato cha nne alirudi hapa Murungu na simu yake, na kila mara anagundua kipya huko mtandaoni. Kuna mahali unapiga picha jani la mgomba lililonyauka, unaambiwa ni ugonjwa gani na ufanye nini. Tuling'oa shina tuliloambiwa, na mengine hayakuugua. Pengine anaandika maneno machache, unatoka wimbo mzima na ngoma zake. Alinitungia mmoja wa kuyasifu maharage yangu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Siku moja nilimwambia akisalimie kitu hicho kwa Kiha, lugha yetu. Kikajibu kwa adabu kwamba lugha hiyo hakijafundishwa vizuri. Nikasema, kumbe nacho bado kiko darasani.

Lakini hili la picha nalieleza kwa uchungu.

Ukutani kwangu ipo picha moja tu ya binti yangu wa kwanza, mama yake mjukuu huyu. Amesimama na kitenge chake, kikapu mkononi, na pale penye kichwa pana tundu la mraba. Hamlijui jambo hili, nitawaambia. Zamani mtu akitakiwa picha ndogo ya kubandika kwenye karatasi za ofisini, hakwenda kupigwa nyingine. Mpiga picha alikuwa Kibondo mjini, na nauli ni nauli. Alichukua ile aliyokuwa nayo akakata kichwa kwa wembe. Nyumba nyingi hapa zilikuwa na picha za watu wasio na vichwa, wala hatukuona ajabu. Kichwa cha binti yangu kilikwenda na karatasi zake. Yeye akaugua, akafariki, na karatasi hazikurudi. Mtoto wake amekua akitazama mabega.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nachambua maharage uani, akaja mbio.

"Bibi, nimepata inayoziba matundu ya picha."

"Inaziba na nini?"

"Inaangalia sehemu iliyobaki, halafu inakisia."

"Inakisia uso wa mtu?"

"Wewe subiri uone."

Akaipiga picha ile ya ukutani, na uso ukaja. Mwanamke mzuri, kichwa kimekaa sawa shingoni, hata kivuli chake kimeanguka panapotakiwa. Mjukuu wangu akaziba mdomo kwa mkono. Mkamwana wangu akatoka jikoni na unga mikononi, akachungulia.

"Jamani! Ndiye kabisa!"

"Wewe umeolewa hapa mwenzio yuko kaburini," nikamwambia. "Ulimwonea wapi?"

"Mama nawe! Damu si inaonekana."

Mumewe, mwanangu wa mwisho, ambaye dada yake alipofariki alikuwa bado anazunguka na shati bila suruali, naye akasema, "Kweli, ndiye dada." Wakaituma kwenye kundi la ukoo. Ndugu wa Rungwe Mpya wakajibu papo hapo, huyo huyo, Mungu ni mwema. Nilisema si yeye. Hakuna aliyenisikia ila mjukuu wangu.

Akachuchumaa mbele yangu. "Basi niambie alivyokuwa, bibi. Nikiiandikia inarekebisha."

Nikamwambia paji lilikuwa pana. Likapanuka. Nikamwambia alikuwa na mwanya mbele. Ukaja mwanya. Rangi ikolee zaidi, iwe nyeusi. Ikawa. Nikamwambia akicheka, jicho la kushoto linafumba kidogo.

"Linafumba kiasi gani?"

Nikafumba langu kumwonyesha. Kila tulipoongeza neno alikuja mwanamke mwingine, kama ndugu wa yule aliyetangulia, na hakuna aliyekuwa wangu. Bando likaisha, mjomba wake akamwekea jingine. Tukaendelea, maharage yamebaki kwenye ungo.

"Kidevu, bibi?"

Nilifumba macho nimwone vizuri. Miaka yote hii, nikitaka kumwona nafumba macho, anakuja. Safari hii alikuja yule wa kwenye simu, na ule mwanya niliouagiza mwenyewe. Nikajaribu tena. Akaja yule yule tena, akitabasamu.

"Sasa ndiye?"

Nilikuwa natafuta. Kisha nikamwambia ukweli, "Sijui, mwanangu."

"Kama wewe hujui, nani atajua?"

Akalia, simu ameikumbatia kifuani. Mkamwana akanikonyeza nikubali tu, neno moja, mtoto atulie. Nilitamani. Ningesema ndiye, yakaisha. Lakini siku nikifa, yule mgeni ndiye angekuwa mama yake moja kwa moja.

Nikamwambia, "Sura imenitoka. Ila mama yako aliimba vibaya. Kanisani alipandisha sauti kuliko wote, na wimbo ameukosea, na akitazamwa anaongeza." Mtoto akacheka huku machozi yanashuka. "Kweli, bibi?" Nikamwambia kweli, nilikuwa nakaa benchi la mbali naye kwa aibu.

Jioni hiyo niliwakusanya jikoni wa nyumba yangu, nikamwagiza mwanangu awapigie na wale wa Rungwe Mpya wasikie. Nikasema: "Picha za leo zifutwe kwenye simu zote. Ile ya ukutani iacheni na tundu lake. Na mtu asimwambie huyu mtoto kwamba mama yake alikuwa hivi au vile kwa kumfurahisha. Mwenye kukumbuka jambo la kweli, hata dogo, aje alisemee hapa jikoni, mbele yake. Asiyekumbuka anyamaze."