Bi Sitaki na Vitumbua vya Likombe

Juzi nilipita Likombe, mtaa niliokulia, baada ya miaka mingi, nikakuta bango kubwa la sabuni limesimama pale palipokuwa na baraza la jirani yetu. Kwenye bango kuna familia: baba anacheka, mama anacheka, hata mtoto mchanga anacheka kama aliyeambiwa siri. Wote wana meno, hakuna mwenye jino bovu. Niliwahurumia. Watu wasiogombana hata kidogo, nani atawaamini habari ya sabuni?

Basi nikamkumbuka jirani. Mumewe alikuwa kuli bandarini mpaka gunia la korosho lilipomwangukia mguuni, na tangu hapo nyumba nzima ilikula kwa vitumbua vya mkewe. Vilikuwa na tui zito na iliki, na moshi wa kuni za mkorosho ulitutoa kitandani upesi kuliko fimbo ya mama. Lakini nisikudanganye, rafiki yangu: wapika vitumbua mtaani walikuwa wengi. Kwake watu walimfuata Bi Sitaki.

Bi Sitaki hakuwahi kuzaliwa. Jirani alimtunga palepale, huku akigeuza vitumbua kwa kijiti. Alikuwa mwanamke wa kukataa kila kitu mbele za watu, kisha akakifuata akiwa peke yake. Swala tano hakosi, na uongo kati ya swala na swala hakosi pia. Alimnyima mumewe mchuzi, akampa mpita njia. Ukimchukia leo, kesho unamlilia. Na kila asubuhi kisa kilikatika mahali patamu: "Bi Sitaki akafungua mlango polepole, akamkuta... nani kasema anataka vitano?"

Chuo kikuu, mhadhiri alipotufafanulia wahusika bapa na wahusika duara, wenzangu waliandika. Mimi nilisikia njaa.

Bibi yangu hakumpenda Bi Sitaki. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema kwa sauti ya kuvuka uzio. Lakini kila asubuhi aliniita, "Mume wangu, kalete vitumbua," na nikirudi hakuvigusa kwanza. "Enhe, kafungua mlango, kamkuta nani?"

Siku moja akaenda kwa jirani mwenyewe. "Mwanangu, huyo mwanamke wako anatuharibia watoto. Mtubishe."

Jirani alimheshimu kama mama mzazi. Kesho yake Bi Sitaki akatubu. Akamwomba mumewe radhi, akapika mchuzi ukatosha wote, akaenda kuwajulia hali wagonjwa. Tulisikiliza kwa adabu. Kabla wiki haijaisha, wateja walikuwa wamehamia barabara ya pili, kwa mama mwenye vitumbua vikubwa zaidi. Adhuhuri bakuli la jirani lilikuwa bado limejaa, na mumewe alikaa amenyoosha ule mguu, akila vitumbua vilivyopoa. Chakula kingine humo ndani hakikuwepo.

Bibi aliyaona. Asubuhi moja hakuniita. Alijitanda khanga, akaenda, akakaa kwenye kigoda mbele ya kikaango. Mimi nikamfuata nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yule mwanamke, ametubu kabisa?"

"Kabisa. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Sasa ndiyo hata siku moja hatateleza?"

Jirani akageuza kitumbua, akakitazama. "Ametubu, bibi. Ila jogoo wa wifi yake haonekani tangu jana. Na Bi Sitaki kajifungia jikoni."

Bibi akasogeza kigoda. "Na manyoya je?"

"Unataka vingapi, bibi?"

Akanunua vyote vilivyokuwa kikaangoni, na kufikia jioni barabara ya pili nayo ilikuwa inauliza habari za manyoya. Bakuli halikulala tena na kitu.

Bibi hayupo sasa. Jirani alihamia Nanyamba kwa binti yake, na huko ndiko alikozikwa. Vitumbua bado vinauzwa Likombe, vitamu tu, ila siku hizi unatajiwa bei, unafungiwa, unaondoka. Hakuna anayekuzuia kwa neno. Mimi ninayejiita mwandishi nililelewa na wanawake wawili, mmoja akitunga, mwingine akijifanya hasikilizi. Wa kwanza alinipa kazi. Lakini kila ninapokaa kuandika, ninayemwandikia ni yule wa pili.