Vilima vya Soave

Jumamosi, katika duka la vileo pale Randburg, mashine ya kadi ilikwama na foleni ikasimama. Mimi sina subira. Nilikuwa nikihamisha bia yangu kutoka mkono huu kwenda ule. Mbele ya friji, mama mmoja wa Kitanzania alikuwa akitafuta mvinyo mweupe wa kuwakaribishia wakwe wapya. Mlinzi wa mlangoni, Mkongo, akamsogelea.

"Chukua hii Soave, mama. Inatokaka Italia ya kaskazini, kwenye vilima vya volkano. Majiwe meusi, sawa na kwetu Goma."

"Tamu?"

"Haina sukari. Ina ukali wa ndimu. Wateja ndio wanasema, miye sijaionjaka. Miye ni mulokole."

Mama akashika kiuno. "Sasa kaka yangu, huinywi, umeyajuaje yote hayo?"

"Ninasimamaka hapa siku nzima. Nimesoma chupa zote."

"Na Goma unaenda lini?"

Akatazama nje. "Kwa sasa hakuendeki."

Mama akachukua chupa. Mlinzi akaivuta mbele ile moja iliyobaki, akaigeuza mpaka mchoro wa vilima kwenye lebo ukaelekea mlangoni anaposimama, akarudi kazini.

Foleni haikuwa imesogea. Nikaitua bia kwenye rafu, nikaenda kuichukua Soave ile ya mwisho. Nilipogeuka nayo, mlinzi alikuwa ananitazama mikono.

Nikairudisha kwenye friji, vilima vikitazama mlango. Kule rafuni, bia yangu ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine.